Msimuulize Anampenda Nani Zaidi

Waheshimiwa mahakimu, wazee wetu, walimu, maafisa wenzangu wa ustawi wa jamii, na ninyi wazazi mliokuja leo, wengine mmekuja pamoja, wengine kila mmoja kwa njia yake: asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa kila wazazi wanapoachana, nalo ni kama mtoto aachiwe aseme atakaa na nani. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Mtoto ana haki ya kusikilizwa. Kuamua si kazi yake. Wanaosema “mtoto anajua nini?” wanamnyima haki yake, na wanaosema “mwenyewe achague, tumalize” wanamtwisha kazi ya watu wazima. Mara nyingi ni watu wale wale: mwaka mzima hawakumuuliza kitu, halafu siku ya mwisho, walipochoka kuvutana, wanamgeukia na kumtaka akate shauri.

Wengi wenu mmewahi kukaa katika kikao cha aina hiyo. Watu wazima wamejaa sebuleni, upande huu ndugu wa mume, upande ule ndugu wa mke. Maneno makali yamekwisha kusemwa. Kisha mmoja anasema, waiteni watoto. Anaingia binti wa miaka tisa, anasimamishwa katikati, na mzee anamwambia kwa upole kabisa: “Haya mama, usiogope, sema mbele ya wote. Unataka kukaa na nani, baba au mama?” Binti anakunja pindo la gauni, analikunjua, analikunja tena. Haangalii mtu. Sebule nzima imetulia, wakidhani anafikiria nani anampenda zaidi.

Anachofikiria ni kitu kingine. Anapiga hesabu. Nikisema mama, baba atakasirika na hatarudi tena. Nikisema baba, mama atalia usiku. Ada analipa nani? Mdogo wangu ataenda wapi? Shangazi ananikodolea macho, nikikosea atanifanya nini? Mtoto wa miaka tisa anapiga hesabu hizo kwa nusu dakika, mbele za watu, na jibu lolote atakalotoa litakumbukwa na mmoja wa wazazi wake maisha yote.

Katika kikao kimoja mtoto alijibu: “Kwa bibi.” Watu wakacheka, wakasema huyu hajakua bado, hajaelewa swali. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alikuwa ameelewa kuliko wote waliokuwepo. Katika ukoo wake bibi ndiye pekee ambaye hakuwa amechukua upande, naye alikuwa anaomba mahali ambapo hatatakiwa kumsaliti mtu. Lilikuwa jibu la maana sana, na kikao hakikulisikia kwa sababu halikuwa miongoni mwa majibu mawili waliyoyataka.

Sasa tuangalie sheria zinasema nini, maana kuna mambo mengi yanayosemwa mitaani ambayo hayamo. Wengi wanaamini kuna umri fulani, wengine husema saba, wengine kumi na mbili, ambao mtoto akiufikia basi anachagua mwenyewe na mjadala umekwisha. Karibu kila mahali duniani si hivyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa Novemba 1989 na kuridhiwa na nchi zote wanachama isipokuwa Marekani, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuunda maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Uzito wenyewe unapimwa. Mkataba hausemi kwamba neno la mtoto ndilo hukumu, wala hautaji umri wa chini. Kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi mrefu mwaka 2009, ikazishauri nchi zisiweke umri ambao chini yake mtoto hasikilizwi. Ikasema pia jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila chumba cha usuluhishi: kusema ni haki ya mtoto, wala si wajibu wake. Mtoto anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, katika ibara ya 4 unataka mtoto anayeweza kueleza maoni yake apewe nafasi ya kusikilizwa katika shauri lolote linalomhusu, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi asiye na upande. Asiye na upande, maana yake si mjomba wala shangazi.

Sheria za nchi zimefuata njia hiyo, kila moja kwa namna yake. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kutaja matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama izingatie maoni ya mtoto iwapo ameyatoa kwa uhuru, bila kuingiliwa. Sharti hilo la uhuru ni dogo kwa kulisoma ila lina kazi kubwa, na nitalirudia. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, nayo inataka mtoto apewe nafasi ya kusema. Norwei kwa miaka mingi iliweka miaka 7 kuwa umri ambao lazima mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni, na kuanzia miaka 12 maoni yake yapewe uzito mkubwa. Jimbo la Georgia kule Marekani ni kati ya sehemu chache zilizokwenda mbali zaidi: mtoto wa miaka 14 anaweza kuchagua mzazi wa kukaa naye. Hata huko, jaji anaweza kulikataa chaguo hilo akiona halina maslahi kwa mtoto.

Waislamu waliopo hapa wanajua kwamba jambo hili ni la zamani kuliko mikataba hiyo yote. Abu Huraira, sahaba wa Mtume, amepokea habari ya mwanamke aliyemjia Mtume akilalamika kwamba mumewe anataka kumchukua mwanawe, naye mtoto huyo humletea maji kutoka kisima cha Abu Inaba. Baba naye akasema, nani anagombana nami juu ya mwanangu? Mtume akamgeukia mtoto: huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, shika mkono wa umtakaye. Akaushika mkono wa mama, wakaondoka. Huyu alikuwa mtoto anayeweza kuteka maji na kuyafikisha nyumbani, wala hakuwa mchanga. Kutokana na habari hiyo, wanazuoni wa madhehebu ya Kishafi wakasema mtoto akifika umri wa kupambanua, kama miaka saba hivi, apewe hiari. Wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi hawakumpa hiari hiyo, wakaweka umri ambao malezi yanahamia kwa baba. Kwa hiyo hata ndani ya fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, kumekuwa na mjadala mkubwa, na watu wenye elimu walitofautiana.

Kinachonigusa zaidi katika vitabu vya Kishafi ni yale yanayofuata baada ya hiari. Mtoto wa kiume akimchagua mama, analala kwa mama usiku, mchana yuko na baba anayemfundisha na kumpeleka kusoma. Akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia asimtembelee mama yake. Na mtoto akibadili mawazo, anahamishiwa kwa yule aliyemtaka sasa. Mambo haya yaliandikwa karne nyingi zilizopita na watu ambao hawakuwa na maafisa ustawi wala wanasaikolojia. Walifahamu kwamba mtoto kumchagua mmoja si kumkana mwingine, na kwamba neno la mtoto halimfungi maisha.

Nirudi kwenye lile sharti la uhuru, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mtoto akikuambia “nataka kukaa na baba”, bado hujajua chochote. Unatakiwa ujue kwa nini. Na sababu za watoto mara nyingi si zile tunazozidhani. Kuna mtoto anayemchagua mzazi mwenye simu nzuri na asiyefokea mtu, na hilo wazazi hulijua haraka na kulilalamikia. Lakini katika kazi hii nimekutana mara nyingi zaidi na mtoto anayemchagua mzazi anayemwonea huruma. Kijana mmoja alisema anataka kwenda kwa baba. Nikamwuliza siku ya kawaida kwa baba inakuwaje. Akanieleza: baba anachelewa kurudi, wakati mwingine hali kitu, anakaa gizani bila kuwasha taa. “Nisipokuwepo mimi, nani atamwambia ale?” Ana miaka kumi na moja. Hakuwa anachagua mahali pa kulelewa, alikuwa anaomba kazi ya kumlea baba yake. Tungeandika tu kwamba mtoto amemchagua baba, tukapiga muhuri, tungekuwa tumemsikia vizuri sana na hatukumwelewa hata kidogo.

Ndiyo maana nasema msimuulize anampenda nani zaidi, wala msimuulize anamchagua nani. Muulizeni maisha yake. Asubuhi anayekuamsha ni nani? Ukiumwa tumbo usiku unamwita nani, na huyo anafanyaje? Daftari la kazi za shule anayelitazama ni nani? Ukiwa kwa baba unamkumbuka nani, na unaruhusiwa kumpigia? Ukiwa kwa mama kuna saa unayoiogopa? Katika mambo yote yanayobadilika nyumbani kwenu, ni lipi ungependa lisibadilike? Hilo la mwisho limenipa majibu mengi kuliko maswali mengine yote. Mmoja atasema shule. Mwingine atasema, “kulala chumba kimoja na dada.” Mwingine atasema anataka wazazi waache kupigiana kelele kwenye simu wakati wa kumkabidhi, na kukaa atakaa popote. Mtoto hakumtaja mzazi hata mmoja, na tayari una mambo ya kutosha kupanga naye maisha.

Tena maswali hayo hayamtaki amsaliti mtu. Anaweza kuyajibu yote, akatoka nje, akamtazama baba machoni, akamtazama mama machoni.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni mtoto aliyelishwa maneno. Lipo, wala tusijifanye halipo. Mtoto wa miaka saba anaposema “baba hana uwajibikaji wa kifamilia”, mnajua hayo si maneno yake. Ndugu watatu wanapotoa sentensi moja kwa mpangilio mmoja, kuna aliyewafundisha. Mtoto anayesema mama ni mbaya kabisa, ukimuuliza mabaya yenyewe ni yapi hana hata mfano mmoja, na ukimuuliza lililo zuri anashtuka kama umemtega, huyo amewekwa kwenye vita isiyo yake. Mzazi anayefanya hivyo anamwumiza mwanawe, na ninasema hivyo hata kwa mzazi aliyeonewa kweli na mwenzake. Umeonewa, una haki ya kulia, una haki ya kwenda mahakamani. Mtoto usimfanye shahidi wako.

Ila sasa naomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi mnaokaa kwenye viti vya kuamua. Maneno “amelishwa maneno” yamekuwa pia silaha. Yupo mzazi anayempiga mtoto, au anayempiga mama mbele ya mtoto, au anayefanya yaliyo mabaya zaidi ya hayo, na mtoto akikataa kwenda kwake yeye wa kwanza kusema ni kwamba mtoto amelishwa maneno. Na kwa kuwa sote tumewahi kuona mtoto aliyelishwa kweli, tunamwamini. Mwaka 2023 Reem Alsalem, Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, aliwasilisha ripoti kwenye Baraza la Haki za Binadamu kuhusu jambo hilo, akazitaka nchi zizuie matumizi ya dhana ya mzazi kumtenga mtoto na mwenzake katika mashauri ya kifamilia, kwa sababu inatumika kuzima tuhuma za ukatili. Wapo wanaoona amekwenda mbali mno. Mimi naona jambo moja halina mjadala: utaratibu wa kuchunguza. Mtoto akikataa kwenda kwa mzazi, kwanza tunachunguza kama kuna kipigo, vitisho au unyanyasaji. Tukijiridhisha kwamba hakuna, ndipo tunauliza nani amempa maneno hayo. Ukianza na swali la pili, la kwanza hutalifikia kamwe, na mtoto atarudishwa mikononi mwa mtu anayemwogopa akiwa na cheti chetu kwamba ni mwongo.

Tumsikilize vipi, basi? Kwanza, asisikilizwe mbele ya wazazi wake, na wala si mbele ya ukoo. Hakimu anaweza kuzungumza naye faraghani, au afisa ustawi akaenda kumwona na kuandika ripoti. Nyumbani pasipo na kesi, mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili, mwalimu au kiongozi wa dini, anaweza kukaa naye. Ndugu wasikilizwe mmoja mmoja, kwa sababu mkubwa akiwepo wadogo watasema la mkubwa. Angalieni pia nani amemleta. Mtoto aliyeletwa na mama, akajua mama anamsubiri nje kwenye benchi, anazungumza akiwa ameshikwa na mkono usioonekana. Inapowezekana namwona mara mbili: mara moja akiwa ameletwa na huyu, mara nyingine na yule. Yale yasiyobadilika kati ya mazungumzo hayo mawili ndiyo nayapa uzito.

Kabla hajasema chochote, aambiwe ukweli. Aambiwe kwamba atakayeamua ni hakimu, au ni wazazi, na kwamba yeye hatalaumiwa kwa litakaloamuliwa. Aambiwe atakachosema kitamfikia nani. Nimesikia watu wazima wenye nia njema wakimwahidi mtoto, “niambie, itabaki kati yetu wawili,” halafu maneno yake yanasomwa mahakamani kama alivyoyatamka, baba amekaa pale. Msiahidi siri ambayo hamwezi kuitunza. Semeni: nitaandika ripoti, wazazi wako wataisoma, kama kuna jambo hutaki liandikwe hivyo ulivyolisema niambie tutafute namna. Na kama jambo lenyewe ni la hatari kwake, mwambieni wazi kwamba hilo hamwezi kulinyamazia.

Kwa watoto wadogo sana maneno hayatoshi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukueleza mapenzi yake, lakini mtazame mzazi anapoingia mlangoni. Anakimbilia, anajificha, anaendelea kucheza? Akianguka anamtafuta nani kwa macho? Mpe karatasi achore nyumba, halafu muulize ni akina nani wamo. Tahadhari tu, mchoro mmoja si ushahidi wa kumnyang’anya mtu mtoto. Ni mwanzo wa mazungumzo.

Na kwa vijana wakubwa, wa miaka kumi na tano au kumi na sita, tuseme ukweli: ukiamua kinyume chao bila sababu nzito, watapanda gari na kwenda wanakotaka. Hata Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, unaohusu watoto waliovushwa mpaka na mzazi mmoja bila ridhaa ya mwingine, unaruhusu katika ibara ya 13 mahakama ikatae kumrudisha mtoto aliyekwisha kufikia umri na ukomavu wa kutosha, kama yeye mwenyewe anapinga kurudishwa. Kadiri anavyokua ndivyo neno lake linavyopanda, mpaka inafika mahali tunabaki kumshauri tu.

Itatokea pia kwamba mtoto amesema lake waziwazi, kwa uhuru, na bado uamuzi ukaenda kinyume. Yule kijana wa miaka kumi na moja hakupelekwa kwa baba. Hapo ndipo watu wazima wengi hutoweka. Amri imetoka, kila mtu amechukua faili lake, na mtoto anapata habari kwa kuona begi lake limefungwa. Mtoto aliyeulizwa, akajipa moyo akajibu, kisha hakuna aliyerudi kumwambia kilichotokea, ameumizwa kuliko ambaye hakuulizwa kabisa. Safari nyingine hatasema. Wala usishangae akifika utu uzima akiamini kwamba neno lake halina thamani popote.

Kwa hiyo lazima mtu arudi. Kamati ya Haki za Mtoto inahesabu jambo hili kuwa sehemu ya kumsikiliza: mtoto aelezwe maoni yake yalitumikaje na kwa nini uamuzi umekuwa ulivyo. Kwa kijana huyo maelezo yalikuwa hivi: “Ulisema unataka kwenda kwa baba ili ale na asikae gizani. Tumekusikia. Baba ni mtu mzima, na kazi ya kumwangalia mtu mzima hapewi mtoto. Tumezungumza na baba mdogo wako, atakuwa anapita kwake. Wewe utakaa kwa mama, na mwisho wa wiki utakuwa kwa baba, mtapika pamoja.” Aliuliza swali moja tu: baba mdogo atapita siku zipi? Tukamtajia siku. Mnaona alichokuwa anakitaka.

Ninyi wazazi, mnisamehe nikiwasemea kama dada yenu. Kuachana kwenu mnakujua wenyewe, na sikuja kuwapatanisha. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miongo mingi na wanakubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba kinachomharibu mtoto zaidi si kuachana kwenyewe, ni ugomvi wa wazazi unaoendelea mbele yake, na mara nyingi unaendelea baada ya talaka. Hapo ndipo mna uwezo wa kufanya kitu, hata kama mwenzako hafanyi. Usimtume mtoto na maneno. Usimwulize kuna nani nyumbani kwa mwenzako, wanakula nini, nani alilala pale. Akirudi kwa furaha kutoka upande wa pili, furahi naye, hata kama unajilazimisha; akiona furaha yake inakuumiza ataanza kuificha, na mtoto anayeficha furaha ataficha na maumivu. Na matunzo toa popote alipo. Baba anayesema “amemchagua mama yake, basi mama yake amsomeshe” amemwadhibu mtoto kwa kusema ukweli. Mama anayesema “kama hutoi hela humwoni” amemgeuza mtoto kuwa risiti. Hakuna sheria ninayoijua inayoruhusu yoyote kati ya hayo, na mtoto anayaelewa yote mawili mapema kuliko mnavyofikiri.

Kuna maneno ambayo kila mtoto wa wazazi walioachana anahitaji kuyasikia kutoka kwa wote wawili, ikiwezekana siku moja: “Hutakiwi kuchagua kati yetu. Tutapanga sisi. Kama kuna jambo unalitaka au hulitaki, tuambie, tutalisikiliza, na hakuna atakayekukasirikia.” Halafu msimkasirikie. Hilo la pili ndilo gumu.

Na mkishapanga, msidhani mmemaliza. Mpango uliomfaa mtoto wa miaka mitano utambana akiwa na kumi na mbili. Amri za mahakama kuhusu mtoto zinaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na mipango ya nyumbani inabadilika kwa urahisi zaidi. Wekeni wakati, mwanzo wa mwaka wa shule unafaa, wa kumwuliza tena: mpango huu unakwendaje kwako? Akisema anataka mabadiliko, msikimbilie kutafuta aliyemchochea. Huenda amekua tu.

Familia nyingi zinazoachana hazifiki mahakamani wala ofisini kwangu. Mambo yao yanamalizwa sebuleni, na wanaoyamaliza ni ninyi wazee mliokaa mbele hapa. Nawaomba jambo moja kwa heshima zote. Kikao kijacho, mtu akisema “waiteni watoto”, mwambieni hapana. Chagueni mtu mmoja asiye na upande, aende akae na mtoto uani, amwulize siku yake inakwendaje, arudi awaeleze. Mkikubaliana, mtu huyo huyo arudi kwa mtoto amwambie mlichoamua na sababu zake, kabla begi halijafungwa.

Nawashukuru. Nimeona mikono kadhaa imeinuliwa muda mrefu. Tuanze na mama aliye nyuma kabisa.